Yasiyoandikwa Katika Kumbukumbu

Mimi ndiye katibu wa shamba la Mtaa wa Alder,
robo ekari nyuma ya kiwanda cha chuma kilichofungwa,
hapa Newport, ambako mvua haibishi hodi.
Daftarini nimeandika: wajumbe kumi na mmoja,
udhuru wa Gethin (goti), chai, ajenda moja:
rundo.

Rundo la matawi ya mitufaa, mabua ya maharage,
mbao za kitanda cha mtoto
ambaye sasa ni askari wa zimamoto,
na juu yake mashina ya viazi, yameozeshwa na bakajani,
ugonjwa uliopita Agosti kama mwizi mwenye funguo:
jioni majani mabichi, asubuhi meusi, yananuka.

"Moto," alisema Shafiqul, "na usisaze kitu."
Viazi vile alivipanda yeye, kwa mkono wa vidole vitatu
(viwili vilibaki kiwandani),
na alipoving'oa alihesabu mstari kwa mstari
kama mtu anayesomewa deni.

Kura: tisa kwa moto, mmoja anapinga, mmoja amesinzia.
Hayo nimeandika.

Sikuandika kwamba aliyepinga ni Eluned,
asiyepanda kitu kinacholiwa,
ambaye kiwanja chake ni upupu mtupu na vipepeo.
Tumeshamwandikia barua mbili za onyo,
sahihi yangu iko chini ya zote.
"Basi tulihamishe kwanza," alisema,
"kijiti kwa kijiti."
Mtu akacheka.
Nadhani ni mimi.

Jumamosi ikaja na manyunyu ya Novemba.
Kiberiti kipo, mafuta ya taa yapo,
watoto wameshika viazi vya dukani, wanangoja makaa.
Tulimkuta Eluned, taa kichwani, glavu zimelowa,
amekuwapo tangu giza.
Theluthi ya rundo imehama hatua sita,
na nyuma yake ndege mdogo wa kifua chekundu
akikagua kila jani kama mtoza ushuru.

Shafiqul alitazama saa.
Akatazama mafuta.
Kisha akavua koti.
Sisemi ilikuwa huruma. Kulikuwa na baridi,
na anayebeba kijiti hupata joto.

Tukapanga mstari, tukapokezana,
mashina yenye ugonjwa huku, matawi mazima kule,
saa nzima bila hotuba, jambo nadra kwetu.
Na chini kabisa, chini ya zile mbao za kitanda,
mpira wa majani makavu, umesokotwa kwa ustadi,
ukapumua.

Kalunguyeye.

Pumzi moja.
Kimya kirefu, hata nikadhani amekufa.
Kisha nyingine.

Shafiqul alipiga magoti katika tope,
akanyoosha vile vidole vitatu,
hakugusa.
"Kumbe ni huyu aliyekuwa akinimalizia konokono," alisema.
"Na mimi nikaisifu dawa."

Tukamrudishia paa lake, ubao kwa ubao.
Mashina yaliyooza tukayachoma pembeni, moto mdogo,
wenye moshi mwingi kuliko heshima,
na viazi vya watoto vikaiva nje, ndani vibichi.
Wakala hivyo hivyo.

Nimeandika: Rundo halikuchomwa. Sababu: lina mpangaji.
Mwenyekiti ameniuliza kama huo ni mzaha.

Machi tulikuta kiota kitupu.
Ameamka, au mbweha wa reli alimtangulia,
hakuna anayejua; Shafiqul anasema ameamka,
na hasemi mara mbili.
Amepanda viazi tena. Mistari minane,
mmoja ameuacha bila dawa.
Mmoja tu. Nilipomtazama, akainua mabega:
deni kubwa hulipwa kidogo kidogo.

Barua ya tatu ya Eluned bado imo begini mwangu,
ina sahihi, haina stempu.
Jana kiwavi mweusi alikuwa juu ya daftari,
akitembea polepole kwenye mistari yangu,
nami nikamngoja amalize ukurasa.